Kuvaa Lamu

Mokowe ndipo viatu vinapoanza kuleta udhia. Basi limekwisha kupita Garsen na Witu, vizuizi vya polisi vimekwisha, abiria wameshuka na vumbi lao, na sasa mbele yako kuna ngazi za gati zilizoota ukoga, boti ya kuvukia Lamu inayopanda na kushuka, na kijana aliyenyosha mkono akihimiza: "Dada, vua, vua!" Mama mmoja wa buibui alikuwa amebana ndara zake kwapani, mtoto begani, akaingia botini bila hata kutazama chini. Nyuma yake jamaa wawili wa raba za kamba waliinama kufungua mafundo huku foleni ikinung'unika. Mimi raba niliziacha Nairobi makusudi.

Nimekuwa nikienda Lamu tangu siku za chuo, na jambo moja watu hawaniamini nikiwasimulia: kila nikirudi, kabati langu linapungua. Wengine hurudi kutoka pwani na masanduku mawili. Mimi hurudi nikatazama suruali zilizoning'inia pale, blauzi za zipu, magauni ya kubana mbavu, nikaanza kugawa. Safari hii niliamua kutazama kwa makini mji huu unanifanyia nini hasa.

Kwanza ni njia zenyewe. Usita wa Mui, ile njia kuu inayopita katikati ya mji sambamba na bahari, ni pana kidogo tu. Ukiiacha ukapanda kuelekea Mkomani, unaingia vichochoro ambavyo ukinyosha mikono miwili unagusa kuta zote. Hakuna gari la kukupita. Kuna punda, na punda akija na shogi la mchanga au la mawe ya matumbawe, wewe ndiye wa kupisha. Unajibanza ukutani, na ukuta ni wa chokaa. Ndani ya siku moja utajua kwamba mkoba wa kuning'inia pembeni ni balaa, kwa sababu shogi litauchukua; kwamba mikono mipana inanasa kwenye komeo za milango; kwamba rangi nyeusi inaonyesha chokaa, na nyeupe inaificha. Nguo iliyopauka haipati madhara yoyote, ndiyo maana nusu ya mji imevaa vitu vilivyopauka na bado inapendeza. UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba zake, zile kuta za matumbawe, boriti za mikoko na zidaka za plasta iliyochongwa. Mimi naona nyumba hizo zina mchango wao katika mavazi pia: mwanga unashuka kutoka juu kwa upande mmoja, na rangi yoyote kali katika kichochoro cha kijivu inasikika kabla mwenyewe hajapiga kona.

Mtu aliyenifundisha kutazama kikoi ni nahodha mmoja wa mashua, mzee mwembamba ambaye hukodiwa na wavuvi na wageni kwa zamu. Tulikuwa tunangoja maji yajae, na kikoi chake, cheupe kilichogeuka rangi ya maziwa, chenye mistari ya samawati ukingoni, kilikuwa kimelegea kwa kukaa. Alisimama kukifunga upya. Alikikusanya nyuma, akavuta ncha mbili mbele hadi zikalingana, akalaza ya kulia mpaka nyonga ya kushoto, ya kushoto ikafuata juu yake, kisha akaushika ukingo wa juu kwa vidole, akausokota kuelekea nje mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi. Hapana pini, hapana mshipi. Akaruka benchi, akashika foromali akisaidia kuipandisha, akarudi kukaa, na kikoi hakijateleza hata kidogo. Nilimwuliza siri. "Tumbo," alisema. "Vuta pumzi ukisokota. Ukimaliza, iachie. Tumbo ndilo linaloshika nguo."

Kwa muda uliobaki wa safari hiyo kitambaa kile kilifanya kazi kama tano hivi. Alipoingia majini kusukuma mashua alikipitisha katikati ya miguu akachomeka nyuma, kikawa kaptura. Jua lilipokuwa utosini alivaa kingine kichwani. Alifungia samaki wawili aliopewa na rafiki yake tuliyekutana naye njiani, akakisuuza baharini, akakitandika juu ya tanga kikauke. Magharibi ilipoingia alikuwa na kingine safi, kilichokunjwa chini ya ubao wa tezi, akatawadha akakivaa na kofia yake. Mimi nilikuwa na suruali moja nzuri ya safari, yenye mifuko saba, na yote saba haikuwa na kazi.

Niseme wazi kwamba kikoi mjini Lamu ni vazi la wanaume. Wageni wa kike hukivaa ufukweni na hakuna anayewakataza, lakini mwenyeji wangu, mama wa makamo anayekodisha vyumba viwili vya juu katika nyumba ya ukoo wao huko Langoni, aliniona nikishuka nacho ngazi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, ndoo hapa. Hicho ni cha baba yako." Akaniletea leso. Tangu hapo nilifuata kanuni yake: kikoi ni cha mashuani na cha ndani ya nyumba, leso ni ya mjini. Nairobi, ambako hakuna anayejua baba yangu alivaa nini, nina kanuni nyingine.

Leso, au kanga kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania, huuzwa mbili mbili, na zile mbili zina maana yake. Moja kiunoni, moja kichwani ikashuka mabegani. Ukipata mgeni ghafla uko tayari, ukitoka kununua mkate uko tayari. Mwenyeji wangu alinipeleka dukani akanifundisha kununua. Mimi niliangalia maua. Yeye aliangalia maandishi kwanza, akasoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza, na leso moja niliyoipenda sana, ya zambarau yenye korosho pembeni, aliirudisha juu ya kaunta. Alisema jina lake, yaani yale maandishi, lingemfikia jirani fulani na jirani angedhani limetumwa na nyumba yetu. Tukachukua ya manjano yenye dua. Jambo hili la maandishi lina historia ya kibiashara: duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887 na ambalo leso zake hadi leo zina alama ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa zaidi katika kueneza majina kwenye leso. Nyingi siku hizi huchapwa India. Hilo halimsumbui mtu Lamu. Kitambaa ni cha yule anayejua kukivaa.

Kuna wageni, hasa wale wanaokaa hoteli za ufukweni na kuja mjini asubuhi moja, wanaolitazama buibui kwa huruma. Ningependa wapitie Makumbusho ya Lamu kwanza, pale mbele ya bahari, wajue kabla ya buibui kulikuwa na nini. Katika karne ya 19 mwanamke wa kiungwana alitoka nje chini ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichonyanyuliwa kwa fito, na waliozibeba fito hizo walikuwa watumwa wake. Yeye alifunikwa, waliozibeba hawakuruhusiwa kujifunika. Utumwa ulifutwa kisheria Kenya mwaka 1907, na ni katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20 buibui lilipoenea pwani. Kila aliyeweza kununua jora la kitambaa cheusi aliweza kulivaa, awe binti wa nani. Ukilijua hilo, ule weusi unaoshuka Usita wa Mui saa kumi jioni unakuwa na sura nyingine. Vijana wa sasa wamelibadilisha tena: kamba ya zamani ya kufungia imetoweka, limekuja la Ghuba lenye vishanga mikononi na mkato wa kuonyesha kiatu. Vizee wachache bado wanalo la kamba, na katika masikio yao utaona matundu ya majasi, makubwa, yaliyobaki wazi.

Ila mavazi yenyewe ya Lamu, nathubutu kusema, yananuswa kabla ya kuonekana. Nililiona hilo vizuri usiku wa arusi moja niliyoalikwa kwa sababu tu nilikuwa ninalala katika nyumba jirani. Maandalizi yalianza baada ya alasiri. Mabinti wawili walikaa mkekani na sinia ya asumini iliyofika bado imefumba, rehani, na mkadi uliokatwa vipande vyembamba, wakawa wanafunga vikuba: jani la mkadi chini, rehani juu yake, asumini zikazungushwa, uzi ukapita mara mbili ukakazwa kwa meno. Pini moja nyuma ya kila kimoja. Walifunga huku wakisema watu, na mikono haikupoteza hesabu. Upande wa pili wa chumba palikuwa na chetezo chenye makaa, na juu yake tenga ambalo nguo zilitandikwa moja moja zifukizwe. Udi ulikuwa wa kupikwa nyumbani, wa sukari na sandali na vitu ambavyo mpishi wake alikataa kuvitaja hata nilipombembeleza. Shangazi wa bibi arusi alinisimamisha juu ya chetezo nikiwa nimevaa tayari, akanitanulia pindo la gauni, akasubiri moshi ujae ndani, akaliachia ghafla. "Sasa umevaa," alisema.

Maua yale yalifunguka yenyewe kama saa mbili usiku, yakiwa yameshachomekwa vifuani na nyweleni, katika ukumbi uliojaa wanawake waliokwisha kutundika mabuibui ukutani. Chini ya yale mabuibui kulikuwa na rangi ambazo sijawahi kuona Nairobi hata kwenye arusi za matajiri: kijani cha embe bichi, dhahabu, waridi kali, mikono imejaa hina na piko mpaka kwenye kiwiko. Hakuna mwanamume aliyeona. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mtu hujipamba kwa ajili ya kutazamwa njiani. Gauni langu liliendelea kunukia udi siku nyingi baada ya kurudi, ndani ya matatu, ndani ya lifti.

Kofia nitazitaja kwa ufupi maana mimi sivai. Mabarazani mchana utawakuta wanaume wakizishona, na majumbani wanawake pia, kitambaa cheupe cha tabaka mbili kilichochorwa ruwaza kwa penseli. Mshonaji anatoboa kitundu kidogo kwa sindano, anakizungushia uzi pande zote kisifunge, anahamia cha pili. Kofia moja ina vitundu visivyohesabika na huchukua miezi, na ndiyo maana nzuri hasa inauzwa maelfu ya shilingi. Mtalii aliyekuwa karibu yangu aliona bei ghali. Mshonaji hakubishana naye, alirudi kwenye kitundu chake.

Viatu ndivyo vilivyonipeleka Siyu. Kijiji hiki cha kisiwa cha Pate kina jina kwa kazi ya ngozi, na nilikuwa nimechoka kununua makubadhi ya gundi ambayo hufumuka mvua ya kwanza. Njia ni kwa mashua kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda haupitiki ila maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo unaondoka saa anayotaka mwezi. Mwisho wa safari kuna mkono wa bahari wenye mikoko pande mbili, na mwisho wa mkono huo ngome ya Siyu imesimama peke yake. Watu wa Siyu waliwasumbua masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi katika karne ya 19 kabla ya kushindwa. Nilivutiwa kukuta ukaidi huo bado upo katika biashara. Fundi niliyeelekezwa kwake hakuwa na kiatu hata kimoja cha kuuza. Alikuwa na ngozi, kisu na karatasi ya mfuko wa sukari. "Kanyaga," alisema. Akauzungusha unyayo kwa kalamu, wa kulia kisha wa kushoto, akainua karatasi mbili kwenye mwanga na kunionyesha kwamba mguu wangu wa kulia umeupita wa kushoto kwa upana wa ukucha. Miaka yote nimekuwa nikidhani viatu ndivyo vibovu. Alikata nyayo mbili tofauti, akashona ukanda kwa uzi wa ngozi, akaupamba kwa mishono myekundu na ya kijani, na akaniambia nivipake mafuta ya nazi kila vinapokauka. Nililala kijijini nikingoja vimalizike, kwa sababu maji yalikwisha kupwa na mashua ilikuwa imekaa topeni.

Kwenye pete nilikuwa na wasiwasi. Wafua fedha wa Lamu wana mtindo wao unaojulikana: kipande cha sahani ya kale, buluu na nyeupe, kilichookotwa ufukweni, kinasuguliwa na kuzungushiwa fedha. Pete ni nzuri kupita kiasi. Ila magofu kama Takwa, kule Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17, nayo yana vigae chini, na kuviokota pale ni kuiba kwa wajukuu. Nilimwuliza fundi kipande changu kimetoka wapi. Alinitolea sahani nzima iliyovunjika, ya jikoni kwao, yenye chapa ya kiwanda nyuma. Nikaichukua kwa furaha. Marafiki wanadhani ni ya karne nyingi, nami siwasahihishi kila mara.

Shela iko mwendo wa dakika arobaini hivi kwa miguu kando ya bahari, au robo saa kwa boti. Huko ndiko mtindo wa Lamu unakouzwa kwa wasiokaa mjini. Mahali pazuri mno. Yale machuguu ya mchanga nyuma ya kijiji ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa, na ufuko unaendelea kilomita kumi na zaidi. Lakini katika duka moja la nguo nilikuta vikoi vilivyokatwakatwa: kimoja kimefanywa kaptura, kingine gauni la kamba mabegani, kingine kimetiwa lastiki kiunoni. Bei ya gauni ingenunua vikoi sita. Nililigusa lile la lastiki kwa huzuni ya kweli. Kitambaa chenye kazi tano kimebakiziwa moja, na hiyo moja itakwisha mvaaji akinenepa. Sina ugomvi na mikoba ya matanga makuukuu, ile inayoshonwa kwa turubai ya jahazi lililostaafu, viraka na mishono ya baharia vikiachwa vionekane. Tanga limeshamaliza kazi yake. Hata ndara zilizotupwa zimepata maisha ya pili hapa: mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, mashua ya plastiki iliyokusanywa fukweni, iliyovikwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar. Nimeiona, inapiga kelele kwa rangi zake, na ni chombo kinachojua kilikotoka. Kikoi chenye lastiki hakijui.

Siku ya mwisho mwenyeji wangu alinikagua mlangoni. Leso ya dua mabegani, gauni pana la pamba, makubadhi ya Siyu. Alikitoa kikuba alichokifunga mwenyewe, akanichomekea kifuani, akakitazama, akakihamishia upande wa kushoto. "Haya, nenda. Usikunje hiyo leso na pasi."

Nairobi ni baridi mwezi wa Julai, na ofisini kwetu watu huvaa koti. Nami huvaa: koti la kijivu, shati jeupe, na chini kikoi cheusi chenye ukingo wa chungwa, kimesokotwa mara tatu baada ya kuvuta pumzi. Kikao kikirefuka na kiyoyozi kikazidi, cha akiba kinatoka mkobani kinakwenda mabegani. Asubuhi ya Jumatatu nguo hupita juu ya chetezo kidogo cha udongo nilichokiweka bafuni, mbali na kitambua moshi. Wenzangu wawili wamekwisha kuniomba niwafundishe kufunga, na mmoja amekwisha kuangusha chake mbele ya mashine ya kahawa. Alisahau kuiachia pumzi.

Vile vikoi viwili vipya nilivyovinunua Lamu vilikuja na kingo zisizopindwa, nikavipeleka kwa fundi wangu wa Kenyatta Market. Alivitandaza mezani, akatoa futi ya kupimia, akanizungushia kiunoni, akaandika namba katika daftari na kuniuliza kama nataka zipu pembeni au nyuma. Nikamwambia sitaki zipu. Lastiki? Sitaki. Mifuko basi? Nikavuta pumzi, nikakisokota kimoja mbele yake juu ya suruali yangu, nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Alikitazama muda mrefu akitafuta mahali kilipofungwa.

"Sasa mimi nishone wapi?"

"Pindo tu, fundi. Pande mbili."

Akafuta zile namba, akanitoza shilingi hamsini, na kabla sijatoka akaniita nimwonyeshe tena.